Kulwa na Doto wa Dubu Mkubwa: lenzi ya mvutano uitazame kwa redio au kwa mwanga?

Karibu na galaksi NGC 3079, katika kundinyota la Dubu Mkubwa, kuna vinukta viwili vya samawati vilivyoachana kwa sekunde 6 za tao (kipimo cha pembe; sekunde 3,600 hufanya nyuzi moja). Ni pengo dogo: sarafu ya sentimita mbili na nusu ukiitazama kutoka mita 860 hivi inaonekana na upana huohuo. Wanaastronomia wanaviita Q0957+561 A na B. Mimi nitawaita Kulwa na Doto, kwa kuwa ni pacha, na kwa kuwa mmoja hutangulia na mwenzake hufuata.

Ila pacha hawa ni mtu mmoja. Nyuma kabisa kuna kwasari, yaani kiini cha galaksi kinachowaka kwa sababu ya gesi inayozunguka na kutumbukia katika shimo jeusi. Kati yetu na kwasari hiyo imekaa galaksi kubwa yenye umbo la yai, pamoja na kundi la galaksi wenzake. Mvutano wa mzigo wote huo unapinda mwanga, ukatufikia kwa njia mbili. Hiyo ndiyo lenzi ya mvutano, na hii ilikuwa ya kwanza kugunduliwa, mwaka 1979.

Mwanafunzi anayetaka kuchunguza lenzi kama hii hukutana mapema na njia panda: atumie data za redio au za mwanga? Wengi humjibu haraka: tumia zote. Ni jibu zuri kwa mwenye timu ya watu ishirini na miaka kumi mbele yake. Mwenye mwaka mmoja, kompyuta moja na bando analolinunua mwenyewe hana budi kuchagua. Tena nimeona watu wakichagua kwa kigezo kibovu: wapi picha ni kali zaidi, au darubini gani ina jina kubwa.

Kigezo changu ni kingine. Jiulize swali lako linahusu kitu chenye ukubwa gani. Mvutano haubagui; wimbi la redio na mwanga wa samawati unavipinda kwa pembe ileile. Kinachotofautiana ni kile kinachong'aa. Mwanga wa kwasari unatoka kwenye diski ya gesi inayopimwa kwa siku za nuru (umbali mwanga unaosafiri kwa siku). Redio inatoka kwenye kiini na mkondo wa chembe zinazorushwa nje kwa kasi ya kutisha, kitu kinachopimwa kwa miaka ya nuru, makumi na hata maelfu. Kwa hiyo ukitoka kwenye darubini ya mwanga ukaenda kwenye madishi ya redio, hujabadilisha rangi ya miwani tu. Umegeukia kitu kingine kilichoko mahali palepale.

Redio ilitoa anwani, kisha ikaleta mashaka

Kulwa na Doto walianzia redioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kituo cha Jodrell Bank huko Uingereza kilipekua anga kwa megahezi 966 na kutoa orodha ya vyanzo vya redio. Kazi iliyobaki ikawa ya kuchosha: kutafuta katika picha za kawaida za anga kila chanzo kinalingana na nyota au galaksi ipi. Dennis Walsh alikuwa mmoja wa waliojitwisha kazi hiyo. Machi 1979, yeye na Robert Carswell walielekeza darubini ya mita 2.1 ya Kitt Peak, Arizona, kwenye vinukta hivi viwili na kuchukua spektra ya kila kimoja, yaani mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi. Zikafanana. Mistari ileile, msogeo uleule kuelekea wekundu, takriban 1.4 (kadiri kitu kilivyo mbali, ndivyo msogeo unavyokuwa mkubwa). Ray Weymann akapima tena kwa darubini nyingine, na mwishoni mwa Mei habari ikachapishwa, kichwa chake kikiwa bado na alama ya kuuliza: ni kwasari pacha, au ni lenzi?

Mwaka huohuo VLA, yale madishi ya New Mexico, ikatoa picha yake. Hapo mambo yakaharibika. Kulwa alikuwa na mkondo na mabaka ya redio ubavuni. Doto hakuwa na kitu. Kama kweli ni mtu mmoja, iweje mmoja avae kanzu na mwingine akae bila? Waliopiga picha hiyo waliona inalipa tabu wazo la lenzi, na mtu angekuwa na redio peke yake angeweza kuliacha kabisa.

Maelezo yalikuja baadaye, na ni mepesi ukishayajua. Lenzi hairudufu kila kitu kilicho nyuma yake, bali hurudufu tu kile kilichomo ndani ya eneo dogo la anga. Kiini cha kwasari kimo ndani ya eneo hilo, ndiyo maana tunakiona mara mbili. Mabaka ya redio yametapakaa mbali hadi nje yake, kwa hiyo tunayaona mara moja. Diski ndogo ya mwanga isingeweza kuleta fumbo hilo, maana haina kitu cha kutoka nje ya mpaka. Ukubwa ule ule unaoipa redio utajiri wake ndio uliowachanganya watu.

Galaksi inayofanya kazi ya lenzi ilionekana kwa mwanga mwaka 1980, umbali wa kama sekunde moja ya tao kutoka kwa Doto, msogeo wake takriban 0.36. Kisha redio ikajisafisha. Madishi yaliyotengana kwa maelfu ya kilomita yalipounganishwa yakaonyesha kwamba ndani ya Kulwa mna kiini chenye mkondo mdogo, na ndani ya Doto hivyohivyo, ila mkondo wa Doto umegeuzwa kama sura kwenye kioo. Nadharia ya lenzi inadai hivyo hasa: katika picha mbili kuu, moja lazima iwe imepinduliwa.

Ukitaka saa, chagua mwanga (karibu kila mara)

Tuseme mabasi mawili yanaondoka Dar es Salaam dakika moja kwenda Arusha. Moja linapita Segera na Moshi, jingine linapita Dodoma na Babati. Yatafika saa tofauti, kwanza kwa sababu ya urefu wa njia, pili kwa sababu ya matuta. Mwanga nao ni hivyo. Njia ya Kulwa na njia ya Doto hazilingani urefu, na mvutano wa galaksi unauchelewesha kama matuta. Kwasari ikififia leo, tutaona Kulwa akififia kwanza, kisha tusubiri Doto afanye vilevile. Muda huo wa kusubiri (ndio ninaouita saa), ukijumlishwa na ramani nzuri ya uzito wa lenzi, unakupa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Sjur Refsdal wa Norway aliliandika wazo hilo mwaka 1964, miaka 15 kabla lenzi yoyote haijapatikana.

Kwa Kulwa na Doto muda wenyewe uliwagombanisha watu kwa miaka. Mwaka 1989 kundi moja lilipata kama siku 415. Mwaka 1992 uchambuzi mwingine ukatoa 536, na data za redio za VLA zikaelekea huko, siku 513, kwa nafasi ya makosa ya siku 40. Tofauti ya miezi minne katika kipimo kimoja! Tatizo lilikuwa mapengo: data zenye mapengo marefu unaweza kuzilinganisha kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ikaonekana nzuri.

Kilichomaliza ugomvi ni tukio moja kwenye mwanga. Desemba 1994 Kulwa alishuka mwangaza ghafla, kwa rangi ya kijani hasa, na waliokuwa wakimfuatilia kwa darubini ya mita 3.5 ya Apache Point, New Mexico, wakatangaza mapema Doto angeshuka lini kama jibu ni 415 na angeshuka lini kama ni 536. Februari 1996 Doto akashuka. Mwaka 1997 kikundi cha Tomislav Kundić kikaandika siku 417, nafasi ya makosa siku 3. Redio ilikuja kukubali mwaka 1999 baada ya vipimo vya tangu 1979: siku 409, nafasi ya makosa 30.

Linganisha hizo namba mbili za makosa, 3 na 30, na utaona kwa nini nasema mwanga. Kitu kidogo kinaweza kubadilika upesi. Kitu kikubwa kinajikokota. Diski ya siku chache za nuru hupanda na kushuka ndani ya wiki, kiini cha redio huchukua miezi kubadilika kidogo. Mchoro wa mwangaza wenye pembe kali unalinganishwa kirahisi, mchoro mtambarare unateleza popote unapousukuma.

VLA ilikuwa na shida nyingine isiyohusiana na kwasari. Madishi yake 27 yanahamishwa kwenye reli, mara yametawanywa hadi kilomita 36, mara yamekusanywa karibu. Yakiwa yametawanywa yanatenganisha Kulwa na Doto bila taabu. Yakiwa yamekusanywa, kwa wimbi la sentimita 6, uwezo wake wa kutenganisha ni kama sekunde 12 za tao, na pacha wanakuwa doa moja. Mapengo kwenye data yakaja kwa ratiba ya reli. Mwanga nao hupata pengo kila mwaka jua linapopita upande ule wa anga, lakini pengo hilo unalijua na ni fupi zaidi.

Nimeandika "karibu kila mara" kwa sababu ya lenzi kama B0218+357. Picha zake mbili zimeachana kwa theluthi moja tu ya sekunde ya tao, na darubini ya mwanga iliyoko ardhini haiwezi kuzitenganisha. Redio iliziona mbili na kupima siku 10.5. B1608+656 pia saa yake ni ya VLA. Ila hesabu inajieleza: mradi wa H0LiCOW, ambao mwaka 2020 ulitoa kasi ya kutanuka ya kilomita 73.3 kwa sekunde kwa kila megaparseki (kama miaka ya nuru milioni 3.26), ulitumia lenzi 6, na B1608+656 ndiyo pekee iliyopata saa yake redioni. Tano nyingine zilipimwa kwa mwanga, nyingi kwa darubini za mita moja au mbili tu ambazo hakuna mtu anayezipigania, na ndiyo maana ziliweza kurudi kwenye kitu kilekile usiku baada ya usiku kwa miaka.

Ukitaka umbo, nenda redioni

Hapa mizani inageuka. Hewa inayotuzunguka hutikisa mwanga hadi kila nyota inakuwa doa la kama sekunde moja ya tao. Darubini ya Hubble, juu ya hewa, hushuka hadi sehemu moja ya kumi ya sekunde na chini yake. Madishi ya redio yaliyounganishwa kutoka bara hadi bara hufika sehemu chache za elfu za sekunde. Kwa umbali wa Kulwa na Doto, sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao ni zaidi ya miaka 25 ya nuru, kwa hiyo mkondo wa redio wenye vifundo kadhaa unakupa alama nyingi za kupimia, wakati nukta ya mwanga inakupa alama moja. Kwa anayechora ramani ya uzito wa lenzi, hiyo ni tofauti kati ya kupima shamba kwa kamba na kulikadiria kwa macho.

Mfano ninaoupenda ni B1938+666, lenzi nyingine kabisa, ambako picha ya galaksi ya nyuma imepindwa hadi kuwa pete. Mwaka 2012 watafiti waliitazama pete hiyo kwa infraredi, jirani wa mwanga, kwa darubini ya Keck yenye kioo kinachorekebisha mtikisiko wa hewa. Wakaona kigugumizi kidogo katika mkunjo wa pete na kukokotoa kwamba kuna kitu kisichoonekana chenye uzito wa kama jua milioni 190. Mwaka 2025 kundi lililounganisha madishi ya Ulaya na Marekani likatangaza kitu kingine katika mfumo huohuo, safari hii chenye uzito wa takriban jua milioni moja. Hakionekani kwa wimbi lolote, kinajulikana tu kwa namna kilivyobinya uzi mwembamba wa redio. Kwa wanaotafuta vifundo vya maada nyeusi (maada isiyong'aa, inayojulikana kwa mvutano wake tu), kushuka kutoka milioni 190 hadi milioni 1 si hatua ya kawaida, na mwanga hauna njia ya kuifuata huko kwa sasa.

Redio pia haijali vumbi. Kwa mwanga, vumbi la galaksi ya katikati linaweza kuifanya picha moja iwe hafifu na nyekundu kuliko mwenzake ukadhani ni kazi ya mvutano. Kwa redio vumbi ni kama halipo. Iliyopo ni gesi yenye chaji, nayo kwa masafa ya chini hutia ukungu. Picha moja ya B0218+357 imefifishwa hivyo. Dawa yake inajulikana: panda masafa.

Upungufu wa redio ni idadi. Kwasari moja hivi katika kila kumi ndiyo yenye redio ya nguvu. Mradi wa CLASS ulipekua vyanzo vya redio zaidi ya 16,000 ukapata lenzi 22.

Pale namba mbili zinapokataa kulingana

Hii ndiyo sehemu inayonivutia kuliko zote, na ndiyo ambayo miongozo mingi huipita kwa sentensi moja.

Kwa kuwa mvutano haubagui, Doto akigawanywa kwa Kulwa lazima apatikane uwiano mmoja kwa kila wimbi. Pima kiini cha redio: Doto ni kama 0.75 ya Kulwa. Pima mwanga mpana wa kwasari, ule wa diski usio na mistari: wanakaribia kulingana. Pima mistari ya spektra, inayotoka kwenye mawingu ya gesi yaliyotanda nje ya diski: 0.75 tena.

Mtu wa kwanza kuona hivyo angelaumu vumbi, lakini vumbi lingempunguza mmoja kwa mwanga na kuigusa mistari nayo. Hapa mistari iko upande wa redio. Ukiyapanga kwa ukubwa badala ya kuyapanga kwa rangi, fumbo linafunguka. Vitu vikubwa, yaani kiini cha redio na mawingu ya gesi, vinasema 0.75. Kitu kidogo, diski, kinasema karibu 1. Mwanga wa Doto unapita karibu sana na katikati ya galaksi ya lenzi, katikati ya umati wa nyota, na kila nyota ni lenzi ndogo yenyewe. Lenzi ndogo ya nyota moja inaweza kukuza diski ya siku chache za nuru. Kiini cha redio ni kikubwa mno kwake. Ni sawa na kumwinua tembo kwa kijiko.

Basi uwiano upi ni wa kweli? Kama unachora ramani ya galaksi nzima, chukua wa redio na uusahau ule wa mwanga. Kosa hili nimeliona likirudiwa: mtu anachukua mwangaza wa picha nne za lenzi kutoka data za mwanga, anazilazimisha ndani ya modeli, modeli inakataa, kisha anatangaza amegundua maada nyeusi. Alichogundua ni nyota za kawaida. Ndiyo maana watafiti Dalal na Kochanek, mwaka 2002, walipotaka kupima vifundo vya maada nyeusi kwa kutumia uwiano usiolingana, walitegemea lenzi za redio.

Kama shabaha yako ni diski yenyewe, mambo yanapinduka. Zile nyota zinazomkera mchora ramani zinakuwa darubini yako. Zinaposogea, mwangaza wa picha moja hupanda na kushuka bila wenzake kufuata, na kasi ya mabadiliko inakuambia diski ina upana gani, kitu ambacho hakuna darubini iliyojengwa na mwanadamu inayoweza kukiona moja kwa moja. Jambo hilo lilionekana mara ya kwanza mwaka 1989 katika Msalaba wa Einstein, Q2237+0305, lenzi iliyogunduliwa na John Huchra na wenzake mwaka 1985. Redio hapo haina la kusema. Ni hafifu mno, na hata ingekuwa na nguvu ingekuwa kubwa mno.

Umbali

Hapa hakuna mashindano. Redio ya kwasari ni mteremko laini usio na mistari, kwa hiyo haikuambii kitu kiko umbali gani. MG 1131+0456, pete ya kwanza ya Einstein, ilichapishwa na Jacqueline Hewitt na wenzake mwaka 1988 kwa picha nzuri ya VLA. Msogeo wa kwasari yake iliyofunikwa na vumbi ulikuja kuandikwa mwaka 2020. Miaka 32 pete inajulikana sura, umbali wa chanzo chake haujulikani. Ukichagua lenzi ya redio kwa mradi wako, kabla ya kitu kingine chochote angalia kama misogeo yote miwili, ya lenzi na ya chanzo, ipo tayari.

Kutoka kwetu, kwa mfuko wetu

Kuwaona Kulwa na Doto kwa macho yako kupitia lenzi ya darubini, andaa kioo cha inchi 14 hadi 16 na giza la kweli. Kwa kamera, kioo kidogo zaidi kinatosha ukikusanya mwanga kwa muda. Shida ni mahali walipo: nyuzi 56 kaskazini. Nairobi hawapandi juu ya nyuzi 33 hivi, Dar es Salaam 27, na kwa kimo hicho unatazama kupitia hewa takriban mara mbili ya ile ya utosini. Wanafika juu kabisa saa tatu usiku katikati ya Aprili, yaani ndani ya masika. Afadhali uamke mwishoni mwa Januari au Februari, baada ya saa sita usiku.

Msalaba wa Einstein una tabia nzuri zaidi kwetu. Uko nyuzi 3 kaskazini, unapita karibu na utosi, na usiku wa manane wa Septemba mapema unakuwa juu, wakati sehemu kubwa ya Kenya na Tanzania bado ni kavu. Lakini picha zake nne zimebanana ndani ya sekunde mbili za tao, na muda wa kusubiriana kati yao ni mfupi mno, wa saa hadi kama siku moja, kwa hiyo kwa saa ya Refsdal haufai. Kwa kufuatilia nyota zinazopita mbele ya diski unafaa sana.

Redio haijali mchana wala mawingu mepesi, lakini nyumbani usijidanganye. Dishi la king'amuzi halitasikia lenzi yoyote. Njia yako ni hifadhi za data. Data za zamani za VLA ziko wazi kwa yeyote, na za miaka ya 1980 ni ndogo kiasi cha kupakuliwa kwa bando la kawaida. Za sasa zinaweza kufika makumi ya gigabaiti na zaidi, hapo tafuta intaneti ya chuo, tena usiku. Programu ya CASA, ya kuchakata data za redio, ni bure, ila jipange kwa miezi miwili ya kuumia kabla haijakuzoea. Kenya ni moja ya nchi washirika wa Afrika katika mpango wa darubini kubwa ya redio ya SKA, na mafunzo ya DARA ya astronomia ya redio yameshafika huko. Mtu aliyepitia mafunzo hayo atakuokolea mwezi mzima. Data za mwanga ni nyepesi zaidi. Picha za Hubble ziko wazi, michoro ya mwangaza ya lenzi nyingi imeshachapishwa, na Python ya kawaida inatosha kuanza.

Ningechagua nini

Kwa mradi wa mwaka mmoja kuhusu uzito wa lenzi au maada nyeusi, ningechukua redio bila kusita: seti moja nzuri ya data inatosha, huna msimu wa kusubiri, na namba zake hazijachezewa na nyota. Kwa diski ya kwasari, mwanga, na usitupe hata siku moja ya kufikiria redio. Kwa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, mwanga tena, lakini michoro iliyokwisha kupimwa, si ya kwako mwenyewe.

Hilo la mwisho wanafunzi hulipinga. Wanataka wapime wenyewe, na ninawaelewa. Basi chukua kalenda. Kulwa akififia ghafla tarehe 1 Januari 2027, Doto atafifia tarehe 22 Februari 2028. Ada ya mwaka wa kwanza itakuwa imekwisha mwezi gani?